Mlio wa Gita la Besi: Hutoka Wapi?

Katika somo la mwezi huu twataka kulichungua jambo linalowasumbua waongozaji wa kwaya na wapigaji wao. Chukueni magita mawili ya besi ya umeme. Kila moja lina nyuzi nne, nazo zimekazwa kwa sauti zile zile. Mpigaji ni mmoja, na wimbo ni mmoja. Lakini gita la kwanza hutoa mlio mzito na laini, unaoanza taratibu kama mguu ukanyagao mchanga. La pili hutoa mlio mkali, unaoanza kwa kishindo kama nyundo juu ya chuma. Je, tofauti hii hutoka wapi?

Swali hili si la mchezo tu, maana lina fedha ndani yake. Kwaya nyingi za Tanzania na Kenya siku hizi huimba pamoja na gita la besi, na mara nyingi gita hilo hununuliwa kwa michango ya waimbaji wenyewe. Basi mlio usipopendeza, watu husema, "Gita letu ni baya, na tutafute jingine." Huchanga tena, hununua jingine la bei kubwa, kisha pengine huona mlio ni ule ule. Wazee walisema: Mchagua jembe si mkulima. Nasi hatusemi kwamba majembe yote ni sawa. Twasema tu kwamba yafaa mkulima ajue ni kazi gani hufanywa na jembe, na ni kazi gani hufanywa na mkono wake, kabla hajalitupa jembe lake.

Neno kuu la somo letu ni hili: mlio wa gita la besi hufanywa hasa na mambo matatu. La kwanza ni mkono, yaani mahali uzi unapoguswa na kitu kinachougusa. La pili ni uzi wenyewe. La tatu ni mahali pale sumaku inapousikiliza uzi. Mambo mengine yapo, lakini hufuata nyuma ya haya.

1. Ndani ya sauti moja mna sauti nyingi

Uzi mnene wa gita la besi, uitwao E, ukipigwa bila kubanwa hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde moja. Uzi wa A hutetemeka mara 55, wa D mara 73 hivi, na wa G mara 98. Lakini uzi hautetemeki mzima mzima tu. Papo hapo hutetemeka pia katika nusu zake, na theluthi zake, na robo zake, na kuendelea. Kwa hiyo ndani ya sauti ya 41 mna sauti nyingine ya 82, na ya 123, na ya 164, na nyingi zaidi juu yake. Ile ya chini tuiite sauti kuu. Hizi za juu tuziite sauti ndogo.

Sauti ndogo zikiwa nyingi na zenye nguvu, mlio huwa mkali na wa kung'aa. Zikiwa chache na dhaifu, mlio huwa mzito na mpole. Tena sauti ndogo hazidumu. Uzi ukiisha kupigwa, zile za juu sana hufa upesi, na sauti kuu pamoja na jirani zake hubaki. Ndiyo maana mwanzo wa mlio huwa mkali kuliko mwisho wake. Basi tukisema kwamba gita hili lina kishindo na lile halina, twasema juu ya sauti ndogo zilizomo katika mwanzo ule mfupi.

2. Mkono

Kila apigaye ngoma ajua kwamba katikati ya ngozi sauti ni nzito, na ukingoni ni kali. Ngoma ni ile ile, na mpigaji ni yule yule. Ni mahali tu palipobadilika. Uzi nao una desturi kama hiyo. Ukivutwa karibu na katikati yake, sauti kuu hupata nguvu na nyingi za sauti ndogo hupungua. Ukivutwa karibu na briji, yaani kile chuma kinachozishika nyuzi mwisho wa mwili wa gita, sauti ndogo huzidi na mlio huwa mkavu na wenye makali. Mpigaji akiusogeza mkono wake sentimita 10 tu, husikia kama amebadilisha gita.

Kitu kinachougusa uzi ni neno la pili. Nyama ya ncha ya kidole ni laini na pana. Huuachilia uzi taratibu, na sauti za juu sana hazipati nguvu. Kile kibao chembamba cha plastiki ambacho wapigaji hukiita piki ni kigumu na chembamba. Huuachilia uzi ghafula, na mwanzo wa mlio husikika wazi kama herufi iliyoandikwa kwa wino mweusi. Tena nguvu ya mkono ina sehemu yake. Uzi ukipigwa kwa nguvu nyingi hugonga freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopandwa shingoni, na mgongo huo huongeza kishindo. Nyuzi zikiwa chini sana, karibu na freti, mgongo huja hata kwa pigo dogo.

Tuna mfano mzuri katika Larry Graham wa Marekani. Alipokuwa kijana alipiga muziki pamoja na mama yake, na mpiga ngoma wao alipoondoka hawakuweka mwingine. Graham akaanza kuzipiga nyuzi nene kwa kidole gumba ili kuijaza nafasi ya ngoma kubwa, na kuzivuta nyuzi nyembamba kwa nguvu ili zilie kama ngoma ndogo. Gumba likiugonga uzi juu ya freti za mwisho, mwanzo wa mlio huwa mkali kama pigo la ngoma kweli. Hakuunda gita jipya. Haja ilimfundisha mkono wake njia mpya, na wapigaji wengi ulimwenguni waliifuata.

3. Uzi

Nyuzi za besi zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine. Waya huo ukiwa wa mviringo, uzi una matuta madogo, nao hutoa sauti ndogo nyingi. Ukiwa bapa kama utepe, uzi ni laini kwa kidole, na mlio wake ni mzito, mfupi, wenye kishindo kidogo. Zamani magita ya besi ya umeme yalifungwa nyuzi bapa. Mwaka 1966 John Entwistle, mpiga besi wa kundi la The Who la Uingereza, alishirikiana na watengenezaji wa nyuzi wa Rotosound ili apate nyuzi za waya wa mviringo zenye mlio wa kung'aa kama wa piano. Tangu hapo nyuzi za namna hiyo zilienea sana.

Umri wa uzi nao si jambo dogo. Jasho na uchafu wa vidole huingia kati ya mizunguko ya waya na kuzizuia sauti ndogo. Uzi uliokuwa ukilia kama kengele hulia sasa kama kamba. Watu wengi wasemao kwamba gita lao limekufa, nyuzi ndizo zilizokufa. Wapigaji wengine huzifungua nyuzi za waya wa mviringo, huzichemsha katika maji, huzikausha vizuri, na kuzirudisha. Mng'ao hurudi, ingawa haudumu kama wa nyuzi mpya.

Walakini tusidhani kwamba uzi mpya ni bora daima. James Jamerson (1936–1983), aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown huko Detroit, alitumia nyuzi bapa nene, wala hakuwa na desturi ya kuzibadilisha. Alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, na karibu na briji palikuwa na sponji iliyozigusa nyuzi na kuufupisha mlio. Nyuzi kuukuu, kidole kimoja na sponji vikatoa mlio ambao wapigaji wa leo bado wautafuta. Mlio ule uliufaa muziki ule.

4. Pikapu, sikio la gita

Gita la umeme halina tumbo wazi la kuikuza sauti kama zeze. Chini ya nyuzi pana pikapu, nayo ni sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huutikisa usumaku wake, na katika waya ule huzaliwa umeme kidogo unaofuata mtetemo wa uzi. Jambo hili la usumaku kuzaa umeme lilionyeshwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Umeme huo hupita katika waya mpaka amplifaya, nayo huukuza na kuupeleka katika spika.

Basi pikapu ni sikio, na sikio husikia yale yaliyo mbele yake. Karibu na shingo uzi huyumba sana, na pikapu iliyo huko husikia sauti kuu kwa nguvu. Karibu na briji uzi huyumba kidogo. Huko sauti kuu ni dhaifu, na sauti ndogo husikika zaidi kwa kulinganisha. Tena kila sauti ndogo ina mahali fulani juu ya uzi ambapo haitikisiki kamwe. Pikapu iliyowekwa chini ya mahali hapo haiisikii. Kwa hiyo mtengenezaji akichagua mahali pa pikapu, amekwisha kuchagua sehemu kubwa ya mlio.

5. Magita manne na tabia zao

Sasa tuyatazame magita manne yanayojulikana sana, tuone jinsi mambo haya yanavyokutana.

La kwanza ni Precision, lililotolewa na Leo Fender huko Fullerton, California, mwaka 1951. Kabla yake wapigaji wengi walitumia besi kubwa ya mbao ya kusimama, isiyo na freti. Gita la Fender lilikuwa na freti, na jina lake maana yake ni usahihi, kwa sababu kidole kikibana nyuma ya freti sauti hutoka mahali pake. Urefu wa uzi kutoka kichwani mpaka briji ni inchi 34, yaani milimita 864 hivi. Tangu mwaka 1957 pikapu yake iligawanywa nusu mbili, moja ya nyuzi nene na moja ya nyuzi nyembamba, nazo hukaa kati ya shingo na briji. Mlio wake umejaa katikati, na mwanzo wake ni imara. Hausukumwi nje kwa urahisi na vyombo vingine.

La pili ni Jazz Bass, la Fender pia, lililotolewa mwaka 1960. Shingo yake ni nyembamba zaidi upande wa kichwa, nalo lina pikapu mbili, moja kati na moja karibu na briji. Mpigaji akizifungua zote mbili sawasawa, sauti fulani za katikati hupunguzana, na mlio husikika wazi juu na chini. Akiiacha ile ya briji peke yake, mlio huwa mkavu na wa kusema. Jaco Pastorius (1951–1987) aliyatumia hayo katika Jazz Bass isiyo na freti. Pasipo freti, nyama ya kidole ndiyo inayoukata uzi, na mlio huimba kama sauti ya mtu. Naye alifunga nyuzi za mviringo, akaupaka ubao wa shingo gundi ngumu ya kupakia mashua, ili nyuzi zisiule ubao.

La tatu ni Höfner 500/1 la Ujerumani, lenye umbo la fidla, lililoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1956. Mwili wake una uvungu ndani, nalo ni jepesi. Uzi wake ni mfupi, kadiri ya inchi 30. Hapa hesabu yatufundisha neno. Uzi ule ule, ukiwekwa kwenye sauti ile ile, ukifupishwa kutoka inchi 34 mpaka 30, mkazo wake hupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Uzi uliolegea hivyo huwa mpole chini ya kidole, na mlio wake ni wa kudunda, mnene, wenye makali machache. Paul McCartney alinunua moja huko Hamburg mwaka 1961, na kwa mkono wake likajulikana ulimwenguni.

La nne ni StingRay la Music Man, la mwaka 1976, ambalo Leo Fender alishiriki kulibuni. Lina pikapu moja kubwa karibu na briji, na ndani yake mna amplifaya ndogo ya betri yenye vifungo vya kuongeza na kupunguza sauti za juu na za chini. Mwanzo wa mlio wake ni mkali sana, na wapigao kwa gumba walilipenda. Lakini betri ikiisha katikati ya wimbo, sauti huharibika au hunyamaza. Mwenye gita la namna hii awe na betri nyingine mfukoni.

Neno moja zaidi juu ya pikapu. Pikapu yenye koili moja hunasa pia mngurumo wa umeme wa nyumba. Katika nchi zetu umeme huo hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mngurumo wake waingia katika sauti za besi zenyewe. Pikapu ya nusu mbili ya Precision, na pikapu mbili za Jazz Bass zikifunguliwa sawasawa, hupangwa hivi kwamba mngurumo wa koili moja huufuta wa nyingine. Kwa hiyo mngurumo si daima dalili ya gita bovu. Pengine ni kifungo kimoja kilichofungwa.

6. Na mbao je?

Wengi huuliza juu ya mbao za mwili, na watu wamebishana sana. Sisi twajibu hivi. Shingo isiyonyoka na briji iliyolegea huharibu mlio, hilo ni kweli. Lakini katika gita la umeme lenye mwili mzito usio na uvungu, pikapu husikiliza uzi wa chuma, haisikilizi ubao. Mtu akibadilisha aina ya mbao huleta tofauti ndogo kuliko akibadilisha nyuzi, au akiusogeza mkono. Basi asiwepo wa kuiambia kwaya itoe fedha nyingi kwa ajili ya jina la mti.

7. Njia ya kujaribu

Mwongozaji asiyependezwa na mlio wa gita la kwaya na afuate utaratibu huu, kutoka lisilo na gharama mpaka lenye gharama.

Kwanza, mpigaji apige sauti moja mahali patatu: mwisho wa shingo, juu ya pikapu, na karibu na briji, tena apige kwa kidole, kisha kwa piki. Wengine wakae mbali, mahali wanapoketi wasikilizaji, maana aliye karibu na spika husikia vingine. Pili, ageuze kile kifungo cha gita kinachopunguza sauti za juu, kwanza kimefunguliwa chote, kisha kimefungwa. Tatu, atazame nyuzi. Kama zimechakaa, azisafishe, ama kwaya inunue mpya. Nne, atazame urefu wa nyuzi juu ya freti, na urefu wa pikapu. Pikapu ikiwa karibu na nyuzi, sauti huongezeka; lakini ikikaribia mno, sumaku huzivuta nyuzi na kuuharibu mtetemo wao. Baada ya hayo yote, kama mlio bado haufai, ndipo tuseme juu ya gita jingine.

Tena tukumbuke jengo. Kuta za saruji hazizimezi sauti nzito. Hukaa hewani na kuchanganyika. Mahali kama hapo mlio mzito usio na mwanzo wazi huwa wingu, na waimbaji wasiosikia wazi mwanzo wa kila pigo huanza kuchelewa. Mpigaji na ausogeze mkono kidogo kuelekea briji, aufupishe mlio kwa kiganja, na kupunguza sauti za chini katika amplifaya. Lakini uwanjani, ambako hakuna kuta, sauti za chini hutawanyika. Huko mlio mnene wafaa zaidi.

Basi tukiulizwa gita lipi ni jema, tuulize nasi: kwa wimbo gani, katika nyumba gani, na kwa mkono wa nani? Mwenye kuyajibu hayo atajua kama kwaya yahitaji gita, au nyuzi nne tu, au juma moja la mazoezi.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini mwanzo wa mlio huwa mkali kuliko mwisho wake?
2. Uzi ukivutwa karibu na briji, mlio hubadilikaje, na kwa sababu gani?
3. Nyuzi bapa na nyuzi za mviringo zatofautianaje?
4. Pikapu iliyo karibu na shingo husikia nini zaidi kuliko iliyo karibu na briji?
5. Katika nyumba yenu ya kuimbia, je, sauti nzito hukaa hewani au hupotea? Mpigaji wenu afanye nini?